Hurlingham, Panda Matango!

Mkazi wa Hurlingham ana sababu yake tayari ya kutolima. Atakuambia bustani zilikwisha siku nyumba za zamani zenye nyua pana zilipoanza kubomolewa kando ya Argwings Kodhek, magorofa yakashika nafasi zao. Ni kweli. Lakini nani alikuambia mtango unadai ua? Mtango ni mmea wa kutambaa. Upe ndoo ya lita 20, kamba ya katani na jua la kutosha, utapanda juu wenyewe, na juu ndiko nafasi ilikobaki katika mtaa huu.

Usiseme kanjo watakusumbua. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini tangu mwaka 2015. Wa kuombwa ruhusa kwanza ni mwenye nyumba, na huyo ukimpelekea matango mawili ya mwanzo sidhani kama atakuwa na neno.

Kabla hujanunua chochote, simama kwenye roshani yako ulitazame jua. Mtango unataka saa sita za jua kwa siku, ukipata nane bora zaidi. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua hukaa upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi huhamia kusini. Roshani inayotazama kusini ndiyo yenye bahati msimu wa vuli. Julai usijaribu: ni mwezi wa masweta, na mbegu ya tango kwenye udongo wa baridi huozea humo humo.

Sasa kazi. Toboa matundu chini ya ndoo maji yapate pa kutokea. Changanya udongo mwekundu wa upande huu wa mji, sehemu mbili, na samadi iliyooza vizuri, sehemu moja. Wauza miche wa kando ya barabara watakupa vyote viwili. Fukia mbegu tatu kwa kina cha sentimita 2, na miche ikishatoa majani halisi ubakishe mmoja ulionona. Mmoja! Najua roho itakuuma kung'oa mingine, lakini ndoo moja haiwezi kunywesha mitatu.

Maji ndiyo mtihani wenyewe, hasa siku za mgao. Tango lenyewe ni maji kwa asilimia kama 95, na mmea ukishikwa na kiu matunda hutoka machungu. Basi maji uliyosuuzia mchele na sukuma wiki usiyamwage. Ya sabuni ndiyo ya kumwaga. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, majani yabaki makavu, maana majani yanayolala na unyevu huita ukungu. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usikimbie.

Maua ya kwanza yakichanua kisha yakaanguka, tulia. Hayo ni madume, nayo hutangulia. Majike huja baadaye, na utayajua kwa kutazama nyuma ya ua: kuna kitango kidogo chenye vinyweleo, urefu wake hauzidi kidole. Kitango hicho kisipopata chavua hugeuka manjano na kudondoka, na nyuki hawapandi ghorofa ya sita kila siku. Fanya kazi yao. Asubuhi, ua likiwa limefunguka, chuma dume, ondoa petali zake, kisha papasa katikati ya ua jike kwa upole. Ndani ya siku chache utaona kitango kinanenepa.

Mavuno huanza siku 50 hadi 70 baada ya kupanda mbegu, na ubaridi wetu wa Nairobi mara nyingi hukusukuma karibu na 70. Hapa sasa acha huruma. Watu huliacha tango "likue kidogo", na likishakuwa la manjano, limejaa mbegu ngumu, mmea huona umemaliza kazi na kupunguza maua. Lichume likiwa la kijani, gumu, la sentimita 15 hadi 20. Kata kikonyo kwa kisu au mkasi, usivute, kwa sababu ukivuta unaweza kung'oa mtambao mzima. Rudi kila baada ya siku mbili. Kadiri unavyochuma ndivyo unavyozidi kupewa.

Pakiti ndogo ya mbegu haifiki bei ya kikombe cha kahawa pale Yaya Centre. Ndoo unayo, pengine inakusanya vumbi nyuma ya mlango. Panda mwishoni mwa Septemba, na kachumbari ya Krismasi itakuwa na matango ya roshani yako mwenyewe.