Mizani ya Nala na Kanda la Usufi

Magharibi ya jiji la Dodoma, katika barabara iendayo Singida, pana mizani ya magari mahali paitwapo Nala. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam yakielekea Mwanza, Rwanda na Burundi hupanda juu yake moja baada ya jingine. Mizani hiyo haiulizi uzito wa shehena peke yake. Huuliza pia uzito huo umekalia ekseli ngapi. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori kubwa lenye ekseli za kutosha huruhusiwa kufikia tani 56, ilhali lile la ekseli mbili likibebeshwa nusu ya uzito huo huwa limekwisha vunja sheria. Hapana aonaye dhuluma katika hesabu hii. Kila mwenye akili anafahamu kwamba tani moja si mzigo ule ule kwa kila aibebaye.

Mwendo mfupi kutoka hapo, katika barabara hiyo hiyo, hutumika kipimo kingine. Askari wa usalama barabarani husimama pembezoni mwa kijiji, penye kibao cha kilomita 50 kwa saa, na tochi yake mkononi. Hupita shangingi limebeba mkubwa anayewahi kikao mjini. Hupita gari kuukuu la mwalimu aliyelinunua kwa mkopo wa miaka. Wote wawili wamezidisha mwendo kwa kiasi kile kile, na wote wawili huandikiwa shilingi 30,000. Kwa mmoja, fedha hiyo haifiki bei ya mafuta aliyoyachoma tangu asubuhi. Kwa mwingine ni unga, sabuni na nauli za watoto wa shule. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sheria iliyozitunga faini hizi yaelekea iliutazama kila mzigo kwa jicho la asiyeubeba.

Swali, basi, ni hili: adhabu iliyo moja kwa tarakimu, je, ni moja kwa uzito?

Jambo hili si geni Dodoma. Tarehe 10 Juni 2021, Waziri wa Fedha na Mipango Mwigulu Nchemba, ambaye mwenyewe ni mbunge kutoka Iramba katika uwanda huo huo wa kati, alisoma Bungeni bajeti ya mwaka 2021/22. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo la kupunguza faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Pendekezo hilo halikupima kipato cha mtu, lilihesabu magurudumu. Lakini kila aliyelisikia alielewa maana yake. Kijana wa bodaboda aghalabu haendeshi pikipiki yake mwenyewe. Ana tajiri anayemngoja jioni kwa hesabu ya siku, na kabla ya hesabu hiyo kuna petroli, na baada yake, kama kimebaki kitu, ndipo huja chakula. Kumtoza huyu shilingi 30,000 ni kumtoza jasho la siku kadhaa. Serikali ilikwisha kubali, walau kwa mlango wa uani, kwamba tarakimu moja haiwi haki moja.

Wapo waliopinga mawazo ya namna hii tangu zamani, na hoja yao haifai kupuuzwa. Wanasema Katiba imewaweka watu wote sawa mbele ya sheria, na usawa huo ndio ngao ya mnyonge. Siku sheria itakapoanza kumwuliza mtu ana nini kabla ya kumwuliza kafanya nini, nani ajuaye itaishia kuuliza nini? Tena mtoto aliyegongwa na pikipiki hafi kifo chepesi kuliko aliyegongwa na basi. Ikiwa dhara ni moja, kwa nini malipo yawe mbalimbali?

Hoja hii ina nguvu, lakini imechanganya mambo mawili ambayo lugha yenyewe imeyatenga: fidia na adhabu. Mtu akimuua mbuzi wa jirani yake, lazima amlipe thamani ya mbuzi, awe tajiri wa Kibaigwa mwenye maghala ya mahindi au mkulima wa Bahi mwenye jaruba moja la mpunga. Thamani ya mbuzi haitazami mfuko wa mlipaji, maana fidia hukipima kilichoharibika. Adhabu ni jambo jingine. Aliyezidisha mwendo pasipo kumgonga mtu hajaharibu kitu cha kulipwa. Anaadhibiwa ili aonje uchungu utakaomzuia kesho. Basi adhabu humpima mkosaji, na isiyomuuma si adhabu bali ni ushuru. Mwenye mali huulipa kama alipiavyo maegesho, akaendelea na safari yake. Kwa hiyo faini iliyo sawa kwa tarakimu hukataza watu fulani na kuwauzia wengine ruhusa. Huo si usawa uliokusudiwa na Katiba.

Hekima hii haikuzuliwa jana. Katika Mambo ya Walawi, sura ya tano, mwenye kosa huagizwa kuleta kondoo au mbuzi jike. Asipoweza, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na asipoweza hata hayo, sehemu ya kumi ya efa ya unga. Kosa ni lile lile, na msamaha ni ule ule. Na katika Qur'ani, Surat al-Maida, kafara ya aliyevunja kiapo ni kulisha masikini kumi, na kipimo cha chakula kimefanywa kuwa ni wastani wa kile mtu anachowalisha watu wa nyumbani kwake. Au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Na asiyepata hayo hufunga siku tatu. Mkosaji anapimwa kwa chungu cha jikoni kwake. Hapana muumini aliyedai kwamba kwa hayo masikini amependelewa.

Katika dunia ya leo wapo waliolifanya jambo hili kuwa sheria ya barabara. Ufini ilianzisha mwaka 1921 faini ihesabiwayo kwa siku. Uzito wa kosa huamua idadi ya siku. Kipato cha mkosaji huamua thamani ya siku moja. Mwaka 2023, katika visiwa vya Åland vilivyo chini ya nchi hiyo, tajiri mmoja aliyekwenda kilomita 82 kwa saa mahali pa 50 alitozwa euro 121,000. Ulimwengu ulicheka na kushangaa, lakini siku alizohukumiwa zilikuwa zile zile ambazo angehukumiwa fundi seremala. Na lipo jambo ambalo wasimuliaji wa kisa hicho husahau: hata huko, makosa madogo hutozwa kiwango maalumu kwa wote. Kipimo cha kipato hungoja kosa zito, kama la kuzidisha mwendo kwa zaidi ya kilomita 20.

Hata hivyo, mbegu ya Ufini haiwezi kutupwa tu katika udongo wa Ugogo. Kule dola linajua kila mtu anapata nini. Katika uwanda wa kati, ni nani ajulikanaye kipato chake? Ni mwalimu, muuguzi na karani, ambao mishahara yao imeandikwa. Mfanyabiashara mkubwa hukadiriwa, na makadirio huzungumzika. Mkulima wa zabibu wa Hombolo huvuna mara mbili kwa mwaka. Wa alizeti wa Singida huvuna mara moja, mvua ikipenda. Je, apimwe kwa mwezi wa mavuno au kwa mwezi wa njaa? Ikiwa rula ni fupi kwa wenye uwezo wa kuficha, faini ya kipato itamwangukia mwenye hati ya mshahara, na dhuluma itakuwa imebadili shati tu.

Tena kuna lile shangingi. Aliyeshika usukani ni mtu wa mshahara mdogo, aliyeketi nyuma ndiye aliyesema, "Ongeza mwendo, tumechelewa." Kumpima dereva ni kumwadhibu mkono na kuusahau ulimi ulioamuru. Kadhalika basi la abiria: tajiri hupanga saa za kufika, dereva huzitimiza kwa roho yake na roho za abiria. Kipimo cha kipato kisichomfikia mwenye amri na mwenye mali kitakuwa kimesimamisha gari na kumwachia msafiri.

Kwa sababu hizi, njia ya uadilifu yaelekea kuwa ya hatua. Makosa madogo yabaki na faini ndogo ya wote, ikipunguzwa kwa vyombo vya wanyonge kama ilivyofanywa mwaka 2021. Makosa ya kuhatarisha roho, kama ulevi, mwendo wa kupindukia na kulipita gari jingine mlimani pasipoonekana mbele, yapelekwe mahakamani, hakimu apewe wajibu wa kuuliza kipato na mali, na mmiliki au mkubwa aliyeamuru asimame kizimbani pamoja na dereva wake.

Hapo mahakamani ndipo jambo linapokuwa zito kuliko yote. Hukumu nyingi husomwa kwa sentensi moja: faini ya shilingi kadhaa au kifungo cha miezi kadhaa. Mbele ya mwenye fedha, sentensi hiyo ina nusu moja tu, kwa kuwa neno "au" halimhusu; atalipa na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mbele ya asiye nacho, ina nusu ile nyingine. Wawili wamefanya kosa moja, wamesomewa maneno mamoja, mmoja amelala kitandani kwake na mwingine amelala gerezani. Kilichowatenga si kosa wala sheria, bali mfuko. Anayeshikilia kwamba faini ya tarakimu moja ndiyo usawa hana budi kuueleza usiku huo.

Pale Nala, karani wa mizani hamchukii mwenye ekseli nyingi wala hamhurumii mwenye chache. Anajua tu kwamba barabara ni ya wote, na kwamba hudumu pale kila mmoja anapobebeshwa kwa kadiri ya kilicho chini yake.