Damu Isiyo na Majira na Meza ya Bwana

Liko neno ambalo wanawake wa sharika zetu hunong'onezana jikoni, wala halifiki mbele ya wazee wa kanisa. Sisi wachungaji twalijua nusu nusu, nasi twalipita. Leo twalitaja, kwa heshima, maana roho za watu zinaumia.

Mama mmoja, mwenye watoto wanne, alishauriana na mumewe, wakaona hao wawatosha. Akaenda zahanati, akatiwa kijiti chini ya ngozi ya mkono. Tangu hapo damu yake ikapoteza majira: leo matone, juma zima hakuna, kisha siku nyingi mfululizo. Chakula cha Bwana kikaandaliwa mara tatu, naye hakukaribia. Tulidhani amegombana na jirani, tukamwuliza kwa ukali. Twaona haya kuyaandika haya. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba yeye si safi. Tena bibi mmoja alikuwa amemwambia kwamba damu ile ni Mungu anayemdai watoto aliokataa kuwazaa.

Basi, je, damu hii ni adhabu? Na je, yamtenga mtu na Meza?

Kwa habari ya adhabu tuliwauliza wauguzi, tusije tukanena tusiyoyajua. Dawa iliyomo katika kijiti, na katika sindano ya miezi 3, hufanana na homoni ambayo mwili wa mwanamke hujitengenezea wenyewe. Dawa hiyo huufanya ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi kuwa mwembamba, na mishipa yake midogo hupasuka upesi. Ndipo damu hutoka bila kufuata mwezi, hasa katika miezi ya kwanza. Kwa wengi hupungua baadaye. Wengine, hasa watumiao sindano, hukoma kuiona kabisa baada ya mwaka, wala hiyo si damu iliyofungiwa tumboni kama wengi wanavyoogopa. Haya huwapata wacha Mungu na wasiomcha vilevile. Kama ni halali mume na mke kupanga uzazi, hilo ni swali lingine, na ndugu waweza kulijadili. Lakini asiwepo mtu wa kutumia damu ya mwanamke kuwa shahidi wake.

Lakini kutoadhibiwa si kutougua. Damu ikizidi siku 8 mfululizo, au ikiwa maradufu ya kawaida yake, au ikija na maumivu makali ya tumbo au baada ya tendo la ndoa, au akidhani ana mimba, aende akapimwe. Hata isipofika hapo, kama yamsumbua aseme, maana ziko dawa za siku chache za kuipunguza. Naye atumiaye vidonge ajue kwamba kuruka siku huweza kuleta matone. Avimeze saa ile ile kila siku.

Sasa swali la Meza. Mambo ya Walawi, sura ya 15, yanena waziwazi juu ya mwanamke atokwaye damu nje ya siku zake. Hatuifichi sura hiyo. Ila sura ile ile yamwagiza, akiisha kupona, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa kwa kuhani siku ya nane. Mzee amzuiaye mama huyu kwa sheria ya Musa atuonyeshe na hao njiwa. Na yule wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka 12, aligusa vazi la Bwana. Bwana hakujitenga naye, bali alimwita binti.

Zamani Kanisa halikuwa na neno moja. Dionisio, askofu wa Aleksandria katika karne ya 3, aliona mwanamke aliye katika damu asiikaribie Meza. Lakini katika barua iliyohifadhiwa na Beda, ya mwaka 601, Papa Gregorio alimwandikia Augustino wa Canterbury (si yule wa Hippo, walimu huwachanganya) kwamba asizuiliwe, kwa kuwa jambo hilo si kosa lake. Akaongeza kwamba akijizuia mwenyewe kwa heshima, asifiwe. Hapo hatumfuati, maana tumeona jinsi heshima ya namna hiyo inavyogeuka kuwa hofu. Twapendelea Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529: kuuandaa mwili ni desturi njema ya nje, lakini astahiliye ni yule aaminiye ahadi.

Nanyi waume, kijiti ki mkononi mwa mke, lakini shauri lilikuwa la wawili. Wako wanaume waliokubali mbele ya muuguzi, kisha walipoona damu wakanuna, wengine wakatoka usiku. Fedha ya sabuni na vitambaa itoke mfukoni mwako bila kuombwa mara mbili. Subira ya kitandani nayo ni yako. Na ikibidi njia ibadilishwe, nenda naye zahanati, usikae kibarazani ukingoja habari.

Mama yule alikaa na kijiti miezi minane, damu isitulie. Ndipo yeye na mumewe wakaenda pamoja kikatolewa, akapewa vidonge. Lakini kabla ya hapo, Jumapili ya kwanza ya Majilio, alikuja Mezani na kanga yake nyeusi, akapiga magoti kando ya mumewe. Baadaye alituambia kwamba asubuhi ile matone yalikuwapo.