Moto wa Uani

Mtu aliyepata nyundo, koleo, mvukuto na kipande cha chuma kizito cha kufulia amepata nusu ya kiwanda cha mhunzi. Nusu ya pili haiuzwi dukani wala haiazimwi kwa rafiki, nayo ni haki ya kuwasha moto. Ua ni wake, zana ni zake, jasho ni lake. Je, moto anaouwasha ndani ya ua huo ni wake pia? Swali hili ni jepesi kwa asiyeulizwa, lakini huwa zito kwa anayetakiwa kulijibu.

Chini ya milima ya Uluguru, katika mitaa ya Morogoro kama Bigwa na Kilakala, kiwanda cha namna hii hakidai mali nyingi. Ringi kuukuu ya gari hukandikwa udongo ikawa jiko. Bomba la chuma hupitisha upepo wa mvukuto chini ya makaa. Springi ya gari lililokufa hufuliwa ikawa shoka, panga au jembe. Wala ufundi wenyewe si mgeni katika nchi hiyo. Huko Dakawa, kaskazini ya mji, wataalamu wa mambo ya kale walikuta masalia ya kazi ya chuma ya watu walioishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Basi mhunzi wa uani ni mrithi. Na mrithi mwenye busara, kabla ya kuhesabu mali, huuliza madeni.

Deni la kwanza ni la jirani. Ukuta huzuia mwizi na mbuzi, hauzuii mlio wa nyundo wala moshi. Nyuma ya ukuta ule pengine yumo mgonjwa aliyekesha, au mtoto mchanga aliyelala sasa hivi. Tena bati lenye zinki likitiwa motoni hutoa mvuke wenye sumu, na mvuke huo hauchagui kati ya mwenye faida na asiye na faida. Mhunzi aweza kusema kuwa kazi yake ni halali na nia yake ni njema. Ni kweli, lakini nia njema ya mmoja si ridhaa ya mwingine. Uluguru yenyewe ilifundisha jambo hili. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa milima, na wakulima wakaamriwa kuchonga matuta ya ngazi katika miteremko. Kuzuia mmomonyoko halikuwa jambo baya. Lakini kazi ilikuwa nzito, na walioifanya hawakuiridhia. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, na mpango ukaachwa. Ikiwa dola haikuweza kuwatwika watu wema wasioukubali, mtu mmoja mwenye nyundo ataweza wapi? Hana budi kubisha hodi kwa jirani kabla ya kubisha chuma, na kupatana naye juu ya saa za kazi.

Deni la pili ni la chuma chenyewe. Fuawe ya mhunzi mdogo mara nyingi ni kipande cha reli kilichosimamishwa juu ya gogo. Reli ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, na katika miaka mingi namna hiyo vipande vingi vimechakaa na kutoka njiani kwa halali. Walakini viko vingine vilivyotolewa usiku, pamoja na misumari ya reli, vyuma vya madaraja na alama za barabarani. Chuma kikishapita motoni hupoteza sura yake, na hapo ndipo hatari ilipo, maana moto hufuta ushahidi wala haufuti kosa. Anayenunua kwa bei ya chini bila kuuliza kilikotoka amekubali kufumbwa macho, na malipo ya upofu huo huenda yakatolewa na abiria asiyemjua, aliye mbali, katika njia iliyolegea.

Deni la tatu ni la mlima. Makaa ni mti uliokufa mara mbili, kwa shoka na kwa moto. Kutoka misitu ya Uluguru hutiririka maji ya mji wa Morogoro, na humo hutoka pia mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo kubwa, pamoja na viumbe vyake visivyopatikana kwingine, sehemu ya misitu hiyo ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Mhunzi atasema, “Moto wangu ni mdogo.” Mkaanga samaki husema hivyo, na mwenye mkahawa husema hivyo, mlima huusikia udogo wa kila mmoja mpaka unabaki mtupu. Dawa si kuzima mioto yote. Katika wilaya ya Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa vimejaribu kuvuna makaa kwa mpango, sehemu kwa sehemu, miti ikiachwa ichipue tena. Anayetaka makaa yenye asili njema aweza kuyatafuta, na asipoyapata aweza kupunguza upotevu kwa jiko lililokazwa vizuri na mvukuto usiovuma bure chuma kikiwa hakimo.

Deni la nne ndilo kubwa, nalo ni la mkulima. Jembe jipya hung’aa, iwe limefuliwa kwa uaminifu au kwa haraka. Chuma cha springi kikitiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kisha kikazamishwa katika mafuta, huwa kigumu hata tupa ikateleza juu yake. Ugumu huo ni udhaifu uliovaa nguo za nguvu, kwa kuwa chuma hicho hupasuka kama kioo. Hudaiwa kipashwe tena polepole, rangi yake ipite kutoka manjano ya majani makavu hadi kahawia, zambarau na buluu, ili kipate ustahimilivu. Kazi hii ya pili haionekani sokoni. Mnunuzi hawezi kuijua kwa jicho wala kwa kidole. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Atakayeijua ni mwanamke aliye juu ya mteremko wenye mawe siku mvua za kwanza zinaponyesha, jembe likivunjika mikononi mwake na mbegu zikingoja. Aliyeruka kazi ile ameiba siku za kupanda, na siku hizo hazirudishwi kwa kurudisha fedha.

Yupo atakayesema kwamba madeni haya yanamlemea maskini. Jembe la kiwandani ni rahisi, watoto wanataka chakula, na mwenye kuhesabu kila kosa hatawasha moto kamwe. Hoja hii ina uzito na haifai kudharauliwa. Lakini itazamwe vizuri: jirani, msafiri, mlima na mkulima si matajiri wanaomdai maskini. Wengi wao ni maskini kama yeye. Mtu anayeondoa mzigo begani mwake na kuuweka juu ya bega la maskini mwenzake hakuupunguza umaskini, ameuhamisha. Tena kiwanda kikubwa hakimshindi mhunzi mdogo katika jambo moja: mhunzi anamjua atakayelishika jembe, naye anajulikana. Likipinda, mwenyewe yupo, na litarudi motoni. Kujulikana huko ndiyo mali ya kiwanda cha uani, na mali hiyo hulindwa kwa kulipa madeni, haipatikani kwa kuyakimbia.

Basi moto ni wa nani? Kuni zake ni za mlima, hewa yake ni ya mtaa, chuma chake ni cha nchi, na kazi yake ni ya mkulima. Sehemu iliyo ya mhunzi peke yake ni ndogo, lakini ndiyo yenye heshima kuliko zote. Ni ile saa ya jioni, watu wameondoka, jembe liko tayari kuuzwa na hakuna jicho linalomtazama, naye akaamua kulirudisha motoni mara ya pili.