Shimo Lisilofunikwa

Je, yawezekana mtu kuvunja amri ya tano ya Mungu bila kushika silaha, bila kuwa na chuki moyoni, na bila hata kumjua yule aliyemdhuru? Swali hili si la wanafunzi wa teolojia peke yao. Ni la mkulima mwenye bomba la dawa mgongoni, ni la mwenye duka, ni la mtunza ghala, na ni la kila nyumba inayowasha moto wa takataka jioni. Sisi twajibu: ndiyo, yawezekana, na katika nyakati zetu yawezekana kwa urahisi kuliko zamani.

Katika Kitabu cha Kutoka limo agizo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Lasema kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia humo, basi aliyelichimba hana budi kulipa. Angalieni hekima ya sheria hiyo. Haiulizi kama alikusudia mabaya, wala kama alimchukia mwenye ng'ombe, wala kama alikuwapo saa ile mnyama alipoanguka. Yatosha kwamba alifungua hatari katika njia ya watu, kisha akaenda zake. Na ikiwa ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, itakuwaje kwa mtoto wa mtu?

Mashimo ya siku hizi si lazima yachimbwe kwa jembe. Katika karne mbili hizi za mwisho binadamu amejifunza kutengeneza vitu visivyokuwapo hapo kwanza, hasa kwa kuunganisha kaboni na klorini. Kilicho mashuhuri kuliko vyote ni DDT. Ilitengenezwa kwanza mwaka 1874, lakini nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller, mtaalamu wa Uswisi, ambaye kwa ajili hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Pamoja nayo zikaja dieldrini, aldrini, lindani na nyinginezo.

Sumu za jamii hii zina tabia tatu ambazo yafaa kila mtu azijue. Kwanza, haziozi upesi: huweza kukaa ardhini makumi ya miaka. Pili, hazipatani na maji bali hupatana na mafuta. Kwa hiyo mwili ukizipokea hauzitoi kwa urahisi, bali huziweka akiba katika mafuta yake. Tatu, huongezeka kadiri zinavyopanda kutoka kiumbe hadi kiumbe. Mdudu wa majini hupata chembe. Samaki mdogo hula wadudu wengi. Samaki mkubwa hula wadogo wengi. Na mwisho wa safu hiyo yuko tai, au yuko mtu mezani pake. Ndiyo sababu katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini ndege wakubwa walao nyama walianza kutaga mayai yenye ganda jembamba, yakapasuka kabla ya kuanguliwa.

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kuona shimo lisilofunikwa. Mwaka 1986 tani 170 za dawa za kuua wadudu, nyingine zikiwa zimekwisha kupita muda wake, zililetwa nchini kwetu kuwa msaada kutoka Ugiriki. Ziliwekwa katika banda la wazi kwenye shamba la Vikuge, wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, shamba la kuzalisha majani makavu ya mifugo. Banda lile likaanguka, na dawa zikabaki juani na mvuani kwa miaka kadhaa. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa, na mpita njia angeweza kudhani kwamba mambo yamekwisha. Lakini wataalamu walipima udongo na maji ya mahali pale, wakatangaza matokeo mwaka 2004. Katika udongo wa juu, palipokuwa pabaya kuliko pote, DDT na mabaki yake vilifikia sehemu 28 katika kila sehemu 100. Sumu za jamii ya lindani zilifikia sehemu 6. Sumu ilikuwa imeshuka hata sentimita 50 chini ya ardhi, nayo ilionekana hata katika maji ya kisima.

Nani alikusudia mabaya Vikuge? Pengine hakuna hata mmoja. Aliyetoa atasema alitoa zawadi. Aliyepokea atasema alipokea msaada. Aliyepanga mizigo atasema alitii amri. Kila mmoja aweza kunawa mikono, na kunawa mikono twakujua tangu siku za Pilato. Walakini shimo lilibaki wazi karibu na makao ya watu, na wale waliochota maji hawakuulizwa neno.

Wala tusidhani kwamba jirani ni yule tu akaaye karibu na kisima. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kanada waliyapima maziwa ya akina mama wa kabila la Inuiti, wakaao kaskazini kabisa ya jimbo la Quebec, penye barafu na theluji. Hawana viwanda, wala mashamba ya kupulizia dawa. Lakini maziwa yao yalionekana kuwa na sumu ziitwazo PCB, zilizokuwa zikitiwa katika mafuta ya transfoma za umeme, kwa kiasi kikubwa mara kadhaa kuliko maziwa ya akina mama wa kusini mwa jimbo lilo hilo. Sumu zilizotolewa na nchi za mbali zilichukuliwa na upepo na mikondo ya bahari, zikaingia katika mafuta ya samaki, sili na nyangumi, ambao ndio chakula cha watu wale. Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana wetu jirani ni nani, naye akajibiwa kwa habari ya mtu aliyelala kando ya njia. Leo majeruhi aweza kulala upande wa pili wa dunia, au asiwe amezaliwa bado. Na hata hivyo ni jirani.

Hapo wengine husema: "Lakini Padre, wataalamu wenyewe hawajakubaliana katika kila jambo. Kwa nini tujitie mzigo juu ya mambo ya mashaka?" Hoja hii yastahili jibu. Ni kweli kwamba sayansi hupima na kutofautisha. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka lindani kati ya vitu vinavyojulikana kuwa vyaleta saratani kwa binadamu, na DDT kati ya vile ambavyo yaelekea vyaileta. "Yaelekea": ndilo neno ambalo wengi hujifichia ndani yake.

Walimu wa maadili katika Kanisa wameijua hoja hii tangu zamani, nao huijibu kwa mfano wa mwindaji. Mwindaji aona kichaka kikitikisika. Hajui kama aliyemo ni swala au ni mtu. Je, aweza kupiga risasi kwa sababu hana hakika kwamba ni mtu? Sivyo! Maadamu hana hakika kwamba si mtu, hana ruhusa kupiga. Na akipiga, amekwisha kukubali moyoni kuua mtu, hata kama atakayeanguka ni swala. Palipo na uhai wa mwingine hatarini, mashaka hayampi ruhusa mwenye bunduki, bali yamfunga. Vivyo hivyo, si haki kumwambia mnywaji wa maji kwanza athibitishe kwamba ameumia. Mwenye kumwaga sumu ndiye apaswaye kwanza kuonyesha kwamba haitadhuru.

Wengine watasema kwamba malaria nayo yaua, na wanaouawa ni watoto wadogo. Ni neno la kweli, wala Kanisa halifundishi kwamba kila sumu ni dhambi. Kati ya miaka 1955 na 1959 nyumba za Upare na za Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa dieldrini. Malaria ilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Nani atathubutu kuwalaumu waliofanya kazi ile? Hata Mkataba wa Stockholm, uliopatanwa mwaka 2001, ukaanza nguvu mwaka 2004, na ambao nchi yetu imo ndani yake, ulifunga njia ya sumu nyingi za namna hii, lakini uliacha nafasi ya DDT kwa kupigana na mbu waletao magonjwa, pasipokuwa na njia nyingine salama na ya kufaa. Dawa iliyopimwa, ikapakwa ukutani na watu waliofundishwa, kwa ajili ya kuokoa uhai, ni jambo moja. Dawa hiyo hiyo kumwagwa shambani, kuvulia samaki, au kuachwa katika banda bovu, ni jambo jingine. Tena wema wa kusudi haumwondolei mtu wajibu wa kulinda. Mwenye kuchimba kisima kwa ajili ya kijiji kizima afanya kazi njema. Naye pia yampasa akifunike.

Basi, kila mtu na apime sehemu yake. Mwenye duka anayepunguza dawa ya wadudu na kuitia katika chupa ya soda isiyo na maandishi, achimba shimo. Mkulima anayepulizia nyanya jioni ili azipeleke sokoni asubuhi, achimba shimo, hata kama mbogamboga za watoto wake hulimwa mahali pengine. Anayeosha bomba mtoni, na anayelifanya kopo la dawa kuwa kopo la maji ya kunywa, ni hali moja. Nasi tunaochoma plastiki na nyaya uani tukumbuke kwamba moto huo, hasa wa plastiki zenye klorini, hutoa dioksini, sumu ambayo viwanda havikukusudia kuitengeneza. Hutua juu ya majani, huliwa na ng'ombe na kuku, nayo yarudi nyumbani katika maziwa na mayai. Tutenge plastiki, tusizitie motoni.

Wenye madaraka wana sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa wana nguvu zaidi. Msaada usioulizwa umri wake wala njia ya kuuondoa usipokewe. Ghala la dawa lililosahauliwa lihesabiwe, lifungwe, lisafishwe. Na baada ya kusafishwa, udongo na visima vya jirani vipimwe tena kwa miaka, maana Vikuge imetufundisha kwamba kilichoondoka machoni hakijaondoka ardhini. Na nchi tajiri zisifanye ukarimu kwa vitu ambavyo zenyewe haziwezi kuvitunza.

Kwa akina mama tuna neno moja la pekee. Wasisikie habari za sumu katika maziwa wakaacha kunyonyesha. Waganga na Shirika la Afya Duniani wahimiza kunyonyesha, kwa kuwa faida yake kwa mtoto yazidi hatari hiyo. Mzigo wa kuyalinda maziwa ya mama si wake peke yake. Ni wa sisi sote tunaomwaga, tunaochoma, tunaouza na tunaotawala.

Papa Fransisko katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya kuitunza nyumba yetu sote alizitaja dawa hizi za mashamba pamoja na uchafuzi mwingine unaowadhuru hasa maskini. Hakuleta amri mpya. Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, na hayo mawili hayakutenganishwa. Yule mtu wa Kitabu cha Kutoka alitakiwa kulipa baada ya ng'ombe kufa. Hakuna lipo litakalomrudisha mtoto. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tazameni juma hili stooni, uani na shambani. Kama liko kopo lisilo na jina, au dawa iliyopitwa na muda wake, msiimwage wala msiichome. Ifungieni mbali na watoto na chakula, mkamwarifu bwana shamba wa kata yenu. Naye asipokuja, mwarifuni tena. Mwenyezi Mungu atujalie dhamiri isiyongoja kuona maiti ndipo iamke.