Pua ya Dhahabu na Mguu wa Mpira

Kuna mas-ala yaulizwayo mara nyingi, nayo hujibiwa kwa haraka kuliko yastahilivyo. Mtu amekatwa mguu kwa maradhi au kwa msiba wa njiani. Huketishwa mlangoni, hupewa chakula na senti, na kila apitaye humwambia asubiri, kwani hayo ni majaaliwa. Siku atakaposema kwamba ataka mguu wa kutengenezwa, apate kurudi katika kazi yake, hatokosekana wa kumwuliza: Je, huko si kutoridhika na kadari ya Mola wako?

Neno hili lina sura ya ucha Mungu, lakini ndani yake mna kosa kubwa. Subira ni tendo la moyo wa yule aliyefikwa na msiba. Si kitu ambacho mzima wa viungo amgawia mwenziwe kama fungu la sadaka, kisha akajiona ametoka katika wajibu wake. Mwenye njaa naye huhimizwa kusubiri, wala subira yake haimwondolei jirani wajibu wa kumlisha. Tena Mabedui walipomwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama yafaa kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Basi ikiwa ugonjwa ni katika kadari, dawa nayo ni katika kadari.

Na juu ya kiungo kilichokatika, iko khabari iliyo wazi zaidi. Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Ujahili. Akajifanyia pua ya fedha, nayo ikawa yanuka. Mtume akamwamrisha ajifanyie pua ya dhahabu. Khabari hii imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi na Nasai, na wanavyuoni wakatoa humo hukumu kwamba yafaa hata kuyafunga meno kwa dhahabu.

Khabari hii yataka kutazamwa vema. Dhahabu ni haramu kwa wanaume kuivaa. Juu ya hayo, Arfaja hakuambiwa akae bila pua, wala hakuambiwa avumilie harufu kwa kuwa pua anayo tayari. Yaliangaliwa mambo mawili: haja ya mtu, na jinsi chombo kilivyomkaa usoni. Chombo kilichomwudhi mwenyewe hakikuhesabiwa kuwa chatosha.

Jambo hili la pili ndilo lisahauliwalo, hata na wenye nia njema. Mfano wake ulionekana Bara Hindi, katika mji wa Jaipur. Huko daktari mpasuaji P. K. Sethi aliona kwamba wengi waliopewa miguu ya mtindo wa Kizungu waliiweka kando, wakarudi kwenye magongo yao. Hawakuwa watu wasio na shukrani. Mguu ule ulifanywa kwa ajili ya mtu avaaye viatu na kuketi kitini, na kifundo chake hakikukunjika. Mkulima wa huko huenda miguu mitupu, hukanyaga tope la shamba, huchutama, hula hali ameketi chini amekunja miguu, na aingiapo nyumba ya ibada huvua viatu. Waliofanya mguu ule hawakukusudia ubaya. Hawakuuliza tu ni nani atakayeuvaa.

Ram Chandra Sharma, fundi wa kazi za mikono asiyekuwa na masomo makubwa ya shule, alishirikiana na Daktari Sethi, na mwaka 1968 ukatoka mguu wa namna nyingine. Ni mguu wa mpira wenye mbao ndani, uliopikwa katika kalibu, wenye sura na rangi ya mguu wa mtu, ukunjikao kifundoni, usiohitaji kiatu wala kuogopa maji. Mwaka 1975 ikaundwa Jaipur jumuiya ya kuwapa watu miguu hiyo bila malipo. Auvaaye aweza kuchutama kwa udhu na kuketi chini msikitini. Kama pua ya Arfaja, chombo kilibadilishwa kimfuate mtu. Mtu hakulazimishwa kukifuata chombo.

Wanavyuoni, na miongoni mwao Ghazali, wameuhesabu utabibu katika faradhi za kutosheleza: wakiwapo wa kuutimiza, wengine husalimika, wasipokuwapo, dhambi huwaenea wote. Ni vigumu kuona kwa nini ufundi wa viungo utoke katika hukumu hiyo, pamoja na ilimu ya mazoezi, kwani mguu usio na wa kumfundisha mtu kuutembelea ni mzigo mwingine. Huko Moshi, Tanganyika ya zamani, tangu mwaka 1981 kiko chuo cha kufunza mafundi hao. Lakini haja ni kubwa mno. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wahitaji chombo kimoja au zaidi cha kuwasaidia, kama miwani, kiti cha magurudumu au kiungo cha kutengenezwa, na kwamba karibu bilioni 1 miongoni mwao hawakipati.

Wala asidhani mtu kwamba aliyepungukiwa na kiungo amepungukiwa na utu mpaka apewe chombo. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, naye aliadhini Madina, na Mtume alimwachia mji aliposafiri. Heshima yake haikungoja macho. Chombo hutafutwa ili kuondoa kizuizi kilicho baina ya mtu na kazi yake, na sala yake, na jamaa zake.

Basi yule aketiye mlangoni asiulizwe kama ameridhika na kadari. Hesabu hiyo ni baina yake na Mola wake. Aulizwe ataka kwenda wapi, na ni kitu gani kimzuiacho. Kisha aliyeuliza ajiulize mwenyewe kama senti aliyotoa imemfikisha huko.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.