Nyumba Iliyojengwa kwa Shirika Iuzwe kwa Bei Gani?

Mtu aliyepata nyumba kwa msaada na jasho la majirani zake, akija kutaka kuiuza kwa mwenye fedha nyingi, je, ana haki ya kutia mfukoni bei yote? Swali hili huonekana dogo siku ya kuchimba msingi, wala hakuna anayependa kuliuliza siku hiyo. Walakini ndilo liwezalo kukivunja chama ambacho upungufu wa saruji na mabati haukukivunja.

Tutazame Chamazi, upande wa Temeke, jijini Dar es Salaam. Miaka ya 2000 ikielekea mwisho, watu wengi walihamishwa Kurasini ili bandari ipanuliwe. Baadhi yao walikuwa wamejiunga katika vikundi vya kuweka akiba, wengi wao wanawake, na wakisaidiwa na shirika lisilo la faida liitwalo Centre for Community Initiatives walinunua ekari 30 za ardhi. Walijifunza kufyatua matofali yafungamanayo, ya udongo na saruji kidogo, wakajenga kidogo kidogo kwa mikopo ya kulipa polepole. Nyumba ya namna hii bei yake ni ndogo, maana ndani yake mna vitu visivyotozwa: akiba ya shilingi mia mia ya watu wengi, siku za kazi zisizo na mshahara, na msaada wa wafadhili wasiotazamia faida.

Basi, nyumba hiyo ikiuzwa kesho kwa bei ya soko, vitu vile visivyotozwa vyageuka fedha, na fedha hiyo yaingia mkononi mwa mtu mmoja. Jirani aliyebeba udongo hapati kitu. Na mpangaji mwingine wa chumba kimoja, ambaye kwa ajili yake chama kiliundwa, akuta mlango umefungwa.

Sisi wa Morogoro hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta shauri. Tuinue macho tu tuitazame Uluguru. Kwa Waluguru wa zamani ardhi ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Kila mtu wa ukoo alikuwa na kipande chake cha kulima. Mtu wa nje aliyepewa shamba alitoa ngoto, kitu kidogo cha kila mwaka, ambacho hakikumtajirisha mwenye ardhi bali kilishuhudia kwamba udongo una wenyewe. Mti nao ulikuwa mali ya aliyeupanda, hata kama udongo si wake. Kwa sababu hiyo hasa mgeni alikatazwa kupanda miti ya kudumu, mti usije ukaivuta ardhi nyuma yake. Wazee wale hawakusomea falsafa, lakini walipambanua jambo ambalo wasomi wengi hulichanganya: kazi ya mikono yangu ni yangu, ila mahali ilipokaa paweza kuwa pa wengi.

Sheria ya nchi nayo yafuata njia hiyo kwa maneno. Tanganyika ilifuta hati za kumiliki ardhi milele mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kwa matendo twajuana. Twaandika kwamba twauza “maendelezo”, hata kama maendelezo yenyewe ni migomba miwili. Na tangu treni ya reli mpya ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, safari imekuwa fupi kwa mwenye mtaji anayetafuta kiwanja.

Huko Voi, nchini Kenya, wakazi wa mtaa uitwao Tanzania-Bondeni (jina hilo si letu, ni lao) walipambanua kama wazee wa Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaa wao ulipopangwa upya, walihofu kwamba kila mmoja akipewa hati yake matajiri wangewanunua mmoja mmoja. Wakachagua ardhi ishikwe na wadhamini kwa niaba ya wote, nyumba ziwe za wenyewe. Anayehama aweza kuuza alichojenga, lakini chama ndicho cha kwanza kuulizwa.

Hapo latokea pingamizi, nalo ni zito. Tajiri aliyenunua kiwanja Kilakala auza kwa bei aipendayo, wala hakuna amwekeaye kamati. Kwa nini maskini peke yake afungwe kamba? Mtoto wake akiugua na kuhitaji fedha nyingi, hana hati binafsi ya kuweka rehani benki. Je, hatumfanyi kuwa mpangaji wa daima, japo kwa maneno matamu?

Sisi twajibu hivi. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mtu aweza kumiliki vitu kama vyake, lakini katika kuvitumia avihesabu kama vya wote, awe tayari kuwagawia wahitaji. Fundisho hilo lamhusu tajiri wa Kilakala pia, nasi hatumsamehe kwa sababu chama hakimfikii. Lakini mwenye nyumba ya chama alipokea kwa sharti, naye alilijua. Haki yake ni kurudishiwa matofali yake, mabati yake, kazi yake na mikopo aliyolipa, yote kwa thamani ya leo, maana shilingi ya miaka kumi iliyopita si ya leo. Asichodai ni faida ya udongo.

Haki hiyo, hata hivyo, huwa udanganyifu ikiwa chama hakina fedha. Kumwambia mama mwenye mgonjwa kwamba asubiri kikao cha mwakani, huo ni ukatili. Kwa hiyo twaona sanduku la kununulia nyumba za wanaohama lifunguliwe kabla ya tofali la kwanza, likilishwa na mchango mdogo wa kila nyumba, mithili ya ngoto. Bei ikadiriwe na fundi asiye mwanachama. Na siku tisini zikipita chama hakijalipa, mwanachama awe huru kumwuzia amtakaye.