Msiseme Mmepona

Wanangu wa Kizuka, na nyinyi wajukuu zangu mnaobanana ndani ya Probox na ndoo ya ndagala mapajani, nina neno nanyi. Nisikilizeni kabla hamjashika njia.

Barabara hii namba 3, inayotoka Bujumbura ikapita Rumonge kwenda Nyanza-Lac, inatulisha sote. Mawese yanapita hapo, samaki aina ya mukeke anapita hapo, na nyinyi mnapita katikati yao kwa miguu, kwa baiskeli yenye bidoni mbili, kwa pikipiki ya watu watatu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Huo ni umri wenu, si wangu.

Kuhusu mwendo wa madereva nimekwisha sema mpaka sauti imekauka. Leo nataka kuwaonya juu ya zile saa chache baada ya kugongwa. Hizo ndizo ninazoziogopa zaidi.

Nawajua. Kijana anaangushwa, ananyanyuka, anajipangusa vumbi, anaona haya kwa sababu watu wamemzunguka. “Alhamdulillahi, mimi mzima.” Mshukuru Mungu, mwanangu, lakini usitoe ushahidi usio nao. Mwili ukishtuka huficha maumivu. Kichwa kinaweza kuvuja damu kwa ndani huku mwenyewe unasimulia ajali na kucheka. Bandama ikipasuka inaweza kukuacha utembee mpaka nyumbani, ule, ulale. Damu inayoonekana ina wauguzi wengi. Isiyoonekana hupata wachimba kaburi.

Nenda ukapimwe. Nakusihi, nenda ukapimwe hata kama unajiona mwenye nguvu za kuvuta wavu.

Na nyinyi mnaokimbilia kuokoa, punguzeni pupa. Nimeona mtu akishikwa huyu mkono, huyu mguu, akatupwa juu ya magunia kama mhogo. Shingo iliyovunjika haitaki hivyo. Kama hakuna moto, wala maji, wala gari jingine linalokuja, mwacheni alale alivyo, mmoja amshike kichwa kisicheze. Ikibidi kumbeba, mbebeni kwa ingobyi, ile machela yetu, au juu ya ubao wa mlango, watu wanne, mwili umenyooka. Msimkalishe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, jamani.

Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunuafunua kutazama kama imekoma. Msitie kahawa, msitie majivu, msitie mawese. Mawese ni ya kupikia sombe. Maji ya kunywa pia msimpe, hata akilia kiu, maana huenda atahitaji kupasuliwa.

Najua kinachowarudisha nyumbani: ni bili. Wala sitawacheka. Mwaka 2006 mashirika ya haki za binadamu, Human Rights Watch na APRODH, yalitoa ripoti nzima juu ya wagonjwa maskini wa Burundi waliozuiliwa hospitalini kwa kukosa cha kulipa. Mwaka huohuo serikali ilifanya matibabu kuwa bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa mama wanaojifungua, lakini kijana aliyevunjika paja hakuwamo. Hofu ile imebaki vijijini. Ndiyo maana mtu anapita mlango wa hospitali ya Rumonge akaenda moja kwa moja kwa muunga mifupa.

Sina ugomvi na waunga mifupa. Wapo wenye mikono ya baraka. Lakini mfupa uliotoboa ngozi si kazi yao, kabisa. Huo unataka kuoshwa hospitalini, unataka dawa na sindano ya pepopunda. Na hata ngozi ikiwa nzima, pigeni picha kwanza. Kisha tazameni vidole: mkifungwa vijiti vidole vikawa baridi, vikabadilika rangi, vikafa ganzi, legezeni saa hiyohiyo na mkimbilie daktari. Msingoje asubuhi, msimwonee aibu mzee aliyewafunga. Nyama iliyokosa damu inakufa, na mguu mliotaka kuuokoa kwa bei nafuu utakatwa Bujumbura, kilomita zipatazo 70 kutoka Rumonge, kwa bei ambayo shamba la michikichi halitoshi.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo mnapouzwa.

Dereva anashuka, anatetemeka, anakutia faranga mkononi. “Ndugu yangu, tumalizane hapahapa, polisi wa nini?” Maneno matamu, na huenda kweli ni mtu mwema. Usipokee. Usitie sahihi, usitie dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Noti ya barabarani haina kesho. Leo inatosha dawa za maumivu. Mwezi ujao huwezi kuinama, boti zinaenda bila wewe, na yule dereva hashiki tena simu.

Sheria inalitaka kila gari liwe na bima kwa ajili ya watu litakaowaumiza. Haikuwekwa kumpambia mwenye gari kioo cha mbele. Imewekwa kwa ajili yako wewe uliyekuwa ukitembea pembeni na kapu lako. Kwa hiyo, kabla gari halijaondoka, wewe au mwenzako andikeni namba yake, jina la dereva, jina la kampuni ya bima na namba iliyo kwenye karatasi yake. Mna simu zenye kamera, mnapiga picha hadi za sahani ya wali. Pigeni na hiyo. Tafuteni mashahidi wawili ambao si ndugu zenu. Polisi waje, wapime, waandike PV, yaani ripoti yao ya ajali, nanyi muulize itakaa ofisi gani.

Gari likiwa la kigeni msikate tamaa. Linalotoka Tanzania kwa njia ya Manyovu, au Kongo, linatakiwa kuwa na kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; hiyo ni bima inayofanya kazi nje ya nchi yake. Tanzania ilijitoa COMESA, lakini kadi hiyo bado inatumika huko.

Jambo moja linaniumiza kuliko yote. Mfikapo kwa muuguzi mnasema, “Nimeanguka.” Mnamsitiri dereva kwa sababu ni mtu wa Minago, ni shemeji wa fulani. Karatasi inaandikwa umeanguka, na siku ukidai haki yako, karatasi hiyo ndiyo itakayokukana. Semeni ukweli: nimegongwa na gari, mahali fulani, saa fulani. Tunzeni kila risiti, hata ya bandeji, hata ya nauli. Na msichelewe kudai.

Nanyi mama zao, msidhani nimewasahau. Mtoto akirudi amegongwa kichwa, hata kama daktari amemruhusu, asilale peke yake usiku ule. Mmoja akeshe naye. Mwamsheni mara kwa mara, muulizeni jina lake, muulizeni leo siku gani. Akitapika tena na tena, akichanganya maneno, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akigoma kuamka, tafuteni gari usiku huohuo, hata kwa kugonga milango ya msiosalimiana nao. Akiwajibu kwa hasira kwamba mnamsumbua na anajua jina lake, mwacheni anune. Mtamuuliza tena baadaye.